Istilahi za Sianidi: Maneno ya Jikoni Yasiyofaa Ghalani

Miongoni mwa kazi tunazoletewa ili tuzikague ni karatasi za maelekezo ya kemikali, ambazo hufasiriwa kutoka Kiingereza zipate kubandikwa ghalani na kusomwa na wafanyakazi. Karatasi moja ya namna hiyo, iliyohusu sianidi ya sodiamu, ilikuwa imefasiriwa na mtu anayekijua Kiswahili vizuri, na sarufi yake haikuwa na kasoro. Hata hivyo tuliirudisha, kwa sababu mfanyakazi ambaye angeitii neno kwa neno angeweza kufa. Makala haya yanaeleza maneno yaliyotufanya tuirudishe, pamoja na yale tuliyoona yanafaa kuwekwa mahali pake.

Sianidi ya sodiamu ni chumvi nyeupe iyeyukayo upesi katika maji. Tangu mwaka 1887, John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest walipobuni njia yao huko Glasgow, imetumika kuyeyushia dhahabu iliyomo katika mawe yaliyosagwa. Nchini Tanzania hutumika katika migodi mikubwa ya Kanda ya Ziwa, na vilevile kwa wachenjuaji wadogo wanaonunua mchanga wa marudio, yaani ule uliokwisha kupitishwa katika zebaki, wakauloweka katika matangi. Iingiapo mwilini huzuia seli zisitumie oksijeni, hata mtu akafa kwa kukosa hewa ilhali anapumua. Miligramu 200 hadi 300, kiasi kisichofika sehemu ya kumi ya kijiko cha chai, hutosha kumwua mtu mzima.

Tuanze na jina la umbo lake. Mfasiri wetu aliandika "unga mweupe". Kwa kamusi hakukosea. Lakini msomaji wa Kiswahili anapokutana na maneno "unga mweupe" katika mfuko, jambo la kwanza linalomjia ni sembe. "Poda" nayo humkumbusha mtoto aliyetoka kuogeshwa. Sianidi inayopelekwa migodini aghalabu imeshindiliwa iwe na umbo la mto mdogo ili isitimke, na hapo mfasiri aliandika "vidonge", neno ambalo kwa watu wengi maana yake ni dawa itolewayo hospitalini. Mwenzetu mmoja alipendekeza "matonge". Tulicheka, kisha tukaona kwamba hata sisi tulikuwa tumerudi jikoni. Tulijaribu "chenga", tukakuta mchele. Inaonekana lugha yetu imevipa majina vitu vidogovidogo vyeupe kwa sababu huliwa, wala si ajabu.

Tulichokubaliana ni "mabonge ya sianidi" kwa ile iliyoshindiliwa, na "vumbi la sianidi" kwa ile iliyosagika. Kuhusu vumbi palikuwa na ubishi. Walimu wa kemia walisema kwamba vumbi ni kile kinachopeperuka, na kwamba kilichotulia ndani ya pipa hakistahili jina hilo. Hoja yao ni ya kweli, na katika vitabu vya shule tunawaachia "ungaunga wa kemikali". Lakini karatasi ya ghalani haifundishi kemia. Mtu akiambiwa vumbi hufunika pua bila kuhimizwa, na akiambiwa unga hukung'uta mfuko upate kwisha.

Sentensi ya pili iliyotushughulisha ilisema kwamba gesi ya sianidi "hutambulika kwa harufu ya lozi". Asili yake ilitaja lozi chungu, na mfasiri akaliacha neno "chungu" njiani. Wasomaji wa pwani wanaijua lozi kama kitu kizuri cha kutia katika vitafunio. Wa bara wengi wao hawajapata kuinusa. Isitoshe, wako watu wasioweza kabisa kuisikia harufu ya gesi hii kwa sababu ya maumbile yao ya kurithi. Hapa hatukutafuta neno bora. Tulishauri sentensi nzima ifutwe na kuandikwa: "Usitegemee pua yako, tegemea kipimo cha gesi." Mfasiri wa maelekezo ya usalama hana budi kuruhusiwa kufanya hivyo baada ya kushauriana na mtaalamu, ingawa kwa kawaida tunawakataza wafasiri kufuta.

Kosa lililokuwa kubwa kuliko yote lilikuwa katika maneno mepesi kabisa: "Ikimwagika, osha kwa maji mengi." Katika asili palikuwa na maelekezo mawili. La kwanza lilihusu mwili: sianidi ikigusa ngozi au jicho, vua nguo zilizochafuka, osha kwa maji mengi papo hapo. La pili lilihusu sakafu: sianidi kavu ikimwagika, isitiwe maji, bali izolewe kikavu, polepole, bila kutimua vumbi. Mfasiri aliyaunganisha kwa kuwa yalifanana. Kumbe sababu ya kuyatenga ni nzito. Sianidi ikikutana na asidi hutoa gesi ya haidrojeni sianidi. Hata unyevu na kaboni dioksidi iliyomo hewani huitoa kidogokidogo. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 za Sentigredi, hivyo mchana wa Geita au Kahama haingoji moto ili ipae. Ndiyo maana migodini maji ya sianidi hutiwa chokaa ili kipimo cha pH kisishuke chini ya 10 hivi, na ndiyo maana kizimamoto cha kaboni dioksidi hakitumiwi panapowaka moto karibu na ghala lake. Tunapendekeza kila kitenzi kitajiwe kitu chake: osha mwili, zoa sakafu. "Osha" peke yake isiandikwe.

Kuhusu maneno ya onyo tutasema machache. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, una maneno mawili tu ya kuashiria uzito wa jambo. Kwa lile zito tunaandika HATARI, na kwa lile jepesi TAHADHARI. Yasibadilishanwe kwa ajili ya kuepuka marudio. Neno "kihatarishi", ambalo limeenea maofisini, tungependa libaki kuwa jina la kitu chenyewe kinachoweza kudhuru, ingawa magazeti hulitumia pia kwa uwezekano wa kudhurika.

Sasa tufike kwenye mabaki. Neno la Kiingereza "dispose" lilikuwa limefasiriwa "tupa" mahali pamoja na "teketeza" mahali pengine. Kutupa ni kuondoa kitu machoni pako. Kuteketeza, katika lugha ya serikali, ni kuharibu bidhaa isirudi sokoni, lakini kwa mtu wa kawaida ni kutia moto. Mahali pa tatu paliandikwa "zimua kwa maji". Kuzimua hupunguza ukali tu, na sumu yote ingali imo. Mnamo tarehe 30 Januari 2000, ukingo wa bwawa la topesumu ulipasuka karibu na Baia Mare nchini Romania. Maji yenye sianidi yapatayo mita za ujazo 100,000 yakaingia mitoni hadi Tisza na Danube. Mito ile iliyazimua sana, na bado samaki walikufa kwa wingi hata ng'ambo ya mpaka, nchini Hungaria. (Neno "topesumu", tuseme kwa kupita, ni miongoni mwa maneno mazuri yaliyozaliwa migodini.)

Tunachokitaka ni kitenzi cha kueleza kwamba sianidi imegeuzwa ikawa kitu kingine. Tumechagua "kuvunja sumu". Mtaalamu huivunja, mathalani, kwa hipokloriti ya sodiamu, nayo hugeuka sianati, ambayo sumu yake ni ndogo sana. Kazi hiyo hufanywa maji yakiwa na alkali. pH ikiwa chini hutokea gesi nyingine ya sumu. Kwa hiyo karatasi ya mfanyakazi isimwagize avunje mwenyewe. Iandikwe: "Mabaki yote yakabidhiwe kwa msimamizi ili sumu ivunjwe."

Limebaki pipa. Karatasi ilisema: "Mapipa matupu yahifadhiwe." Katika sehemu zenye shida ya maji, pipa la chuma lenye mfuniko imara ni mali, na mtu akiambiwa ni tupu na lihifadhiwe ataliviringisha mpaka nyumbani. Lakini pipa lililotoka sianidi si tupu; kilichoshika katika pindo zake chatosha kuua. Katika nakala tuliyoirudisha tulilikata neno "matupu" kwa wino mwekundu, tukaandika juu yake: "Mapipa yaliyotumika yasuuzwe mara tatu na wenye kazi hiyo, maji ya kusuuzia yarudishwe katika tangi la sianidi, kisha mapipa yatobolewe na kupondwa yasiweze kuteka maji."