Je, Maji ya Kisima Chenu Yamepimwa?

Kijiji kikichimba kisima na maji meupe yakatoka, akina mama hupiga vigelegele. Ni haki yao. Lakini baada ya siku chache maneno huanza. Huyu asema maji yana ladha ya magadi na yanateleza mikononi. Yule ajibu, "Mbona ng'ombe wanayapenda?" Ubishi wa namna hiyo hauwezi kukatwa kwa ulimi. Hukatwa katika maabara, nayo yafaa tujue jinsi kazi hiyo ifanyikavyo.

Kwanza ni chupa. Isiwe chupa iliyokuwa na mafuta. Isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale ya kisima, ijazwe mpaka juu pasibaki hewa, ifungwe barabara, iwekwe penye baridi na kupelekwa upesi. Kwa nini? Maji ya chini ya ardhi huwa na hewa ya ukaa ndani yake. Hewa hiyo ikitoka, kipimo hubadilika kabla mpimaji hajayagusa maji.

Kipimo cha kwanza huitwa pH. Kilitungwa mwaka 1909 na Sørensen, mtaalamu wa Denmark, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Kwa kawaida huhesabiwa kutoka 0 mpaka 14. Katikati ni 7. Chini yake ni upande wa uchachu, kama maji ya limau. Juu yake ni upande wa magadi. Kila hatua ni mara kumi. Kabla ya kupima, mpimaji huijaribu mashine yake kwa maji maalumu ambayo pH yake inajulikana, kama vile mizani ya duka inavyojaribiwa kwa mawe ya haki.

Kipimo cha pili ni cha alkali, yaani nguvu ya maji kuhimili tindikali. Wengi huchanganya mambo haya mawili, lakini maji yenye pH moja yaweza kuwa na alkali mbalimbali. Mpimaji hutwaa mililita 100 za maji, hutia matone ya dawa ya rangi, kisha kwa mrija wenye alama hudondosha tindikali ya salfa iliyozimuliwa, tone kwa tone, huku akitikisa, mpaka rangi igeuke. Ikiwa tindikali ni ya nguvu ya 0.02, kila mililita moja iliyotumika ni miligramu 10 za alkali katika lita, zikihesabiwa kama chokaa. Zikitumika 30, alkali ni 300.

Faida yake ni nini? Dawa ya klorini huua vijidudu vizuri zaidi pH ikiwa chini ya 8. Tena, katika nchi za Bonde la Ufa, kama kandokando ya Mlima Meru, maji ya magadi mara nyingi huwa na floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita. Ikizidi, watoto huota meno yenye madoa ya kahawia; ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika. Na kuchemsha hakuiondoi! Basi alkali ikionekana kubwa, ombeni floridi nayo ipimwe. Huko Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru lilitengeneza vichujio vya mifupa ya wanyama iliyochomwa ili kuipunguza.

Lakini msidanganyike: pH nzuri haionyeshi vijidudu. Maji ya 7 kamili yaweza kubeba kipindupindu. Hivyo ni vipimo vingine, na kuchemsha maji ya kunywa kusiachwe.

Wazazi, kabla ya kuchanga fedha za pampu, ulizeni: "Cheti cha maabara kiko wapi?" Kuuliza si ujinga. Pampu ikiharibika hutengenezwa. Meno ya mtoto yakiisha kuharibika, hayarudi.