"Ameondolewa": Lugha ya Kumtenga Mwanachama na Suala la Uwazi huko Kalehe

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jambo dogo la kisarufi lenye uzito mkubwa wa kijamii, nalo ni namna jumuiya inavyotangaza kwamba fulani si mwanachama tena. Tutaangalia hasa makundi ya WhatsApp, ambayo siku hizi yamekuwa baraza la watu wengi wa Kivu Kusini, na kuyalinganisha na vyama vya akiba vya vijijini. Eneo tulilolichagua ni Kalehe, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Kivu, kaskazini ya Bukavu. Huko wasemaji wa Kihavu, Kitembo, Kishi na Kinyarwanda huishi pamoja. Kifaransa ndicho lugha ya hati za serikali, ilhali Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote. Hoja yetu ni kwamba adhabu ya kutengwa haiwezi kuwa ya haki ikiwa sentensi inayoitangaza ni pungufu.

2.0 Sentensi pungufu

Tuanze na mifano miwili:

(1) Ameondolewa katika kundi.
(2) Balimutosha mu kikundi.

Mfano wa (1) ni wa Kiswahili sanifu. Kiambishi cha kutendwa humweka mtendwa mbele na kumruhusu msemaji amwache mtenda bila kumtaja. Mfano wa (2) ni wa Kiswahili cha Kongo ya mashariki. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam asishangae: hapa "kutosha" ni kumfanya mtu atoke, yaani kumtoa, na "ba-" ni sawa na "wa-" ya Kiswahili sanifu. Sentensi hii ni ya kutenda na mtenda yumo, lakini ni "wao" wasiotajwa. Kwa hiyo miundo miwili tofauti huacha pengo lile lile. Aliyeamua, sababu, muda wa adhabu na mahali pa kukata rufani, vyote havisemwi.

Programu yenyewe hupunguza pengo hilo kidogo tu. Msimamizi wa WhatsApp anapomtoa mtu, mstari mfupi huonyesha nani kamtoa nani, wala hauna nafasi ya sababu. Kundi laweza kuwa na watu 1,024, lakini kidole cha msimamizi mmoja chatosha kumtoa yeyote asiye muasisi wake.

3.0 Pengo hujazwa na uvumi

Mahali penye amani, kutolewa kundini bila sababu ni aibu ndogo. Kalehe si mahali pa namna hiyo. Kwa zaidi ya miaka 30 eneo hili limepitia vita, migogoro ya ardhi na mawimbi ya wakimbizi. Mji wa Minova ulitekwa na kundi la M23 mwezi Januari 2025, na Bukavu yenyewe mwezi uliofuata. Katika hali kama hiyo, sababu isiyosemwa haibaki tupu. Watu huijaza wenyewe: huenda alikuwa mpelelezi, huenda ni wa kabila lile, huenda alikula fedha za wenzake. Mtu aliyetolewa kwa kurudia matangazo ya biashara anaweza kesho yake kutazamwa kama adui.

Zaidi ya hayo, kundi ni njia ya habari. Tukumbuke mafuriko ya Mei 2023 yaliyofunika Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400. Palipo na hatari za namna hiyo, kumtenga mtu ni kumpunguzia pia nafasi ya kuonywa mapema.

4.0 Sanduku la kufuli tatu

Utaratibu ulio bora umo tayari vijijini humo humo. Vyama vya akiba na mikopo, ambavyo Kongo vinajulikana kwa ufupisho wa Kifaransa AVEC, vinafuata mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti. Sanduku hufunguliwa na fedha huhesabiwa mkutanoni, mbele ya wote. Kanuni na faini hukubaliwa kabla ya mtu kuweka hisa ya kwanza.

Inafaa kuangalia kwa nini mtindo huu unaaminika hata na wasiojua kusoma. Hautegemei wema wa mweka hazina. Unategemea macho ya wengi na funguo zilizogawanywa. Mamlaka ya kumtoa mwanachama nayo yangeweza kufungwa kwa kufuli tatu: wasimamizi watatu wakubaliane kwanza, na kanuni iwe imesomwa kwa Kiswahili, si kuachwa katika Kifaransa ambacho wengi hawakifuati.

5.0 Muda na rufani

Mambo mawili husahauliwa aghalabu. La kwanza ni muda. Januari 2021 Facebook ilimfungia Donald Trump bila kutaja mwisho. Tarehe 5 Mei 2021 bodi iliyoundwa kupitia maamuzi ya kampuni hiyo ilikubali kwamba kulikuwa na sababu ya kumfungia, lakini ikapinga adhabu isiyo na kikomo, kwa kuwa haikuwamo katika kanuni. Kampuni ilipewa miezi 6 kulitazama upya jambo hilo.

La pili ni rufani. Novemba 2020 Kamati Kuu ya Chadema, nchini Tanzania, iliwavua uanachama wanawake 19, na Mei 2022 Baraza Kuu la chama likatupa rufani yao. Desemba 2023 Mahakama Kuu ilitengua uamuzi wa Baraza hilo, kwa kuwa waliotoa adhabu walishiriki pia kuamua rufani. Fundisho lake linafaa hata kundi la watu 40: aliyemtoa mtu asiwe yeye anayesikiliza malalamiko yake.

6.0 Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba kutangaza sababu kunaweza kumhatarisha mtu zaidi. Pingamizi hili ni la kweli, hasa Kalehe. Jibu lake ni kutofautisha wasikilizaji. Mhusika aelezwe sababu yote, faraghani. Kundi liambiwe kanuni iliyovunjwa na muda wa adhabu, basi. Aidha, ujumbe unaochochea mauaji haungoji kikao: uondolewe mara moja, na maelezo yafuate siku hiyo hiyo. Uwazi hauzuii haraka; unazuia ukimya baada ya haraka.

7.0 Hitimisho

Kiswahili hakikosi nyenzo za kusema jambo hili kwa ukamilifu. Linganisha mfano wa (1) na huu:

(3) Fulani ameondolewa na wasimamizi watatu, kwa kuvunja kanuni ya nne, kwa muda wa siku 30. Anaweza kukata rufani kwa wazee wa kundi.

Mfano huu una maneno mengi kuliko ule wa kwanza, lakini bado ni mfupi. Mtenda, sababu, muda na rufani vimo vyote, na uvumi haukuachiwa pengo la kujaza. Wanafunzi wetu wanaofundishwa kauli ya kutendwa darasani wangefaidika kufundishwa pia kuuliza, kila wanapoisikia: na nani, na kwa sababu gani?