Pembetatu Zitoke Ubaoni Ziingie Katika Michezo ya Tarakilishi

Serikali ilipotangaza mnamo Aprili 2025 kwamba Hisabati itakuwa somo la lazima kwa wanafunzi wote wa sekondari ya juu, nilifurahi. Hata hivyo, kulifanya somo kuwa la lazima ni jambo moja, na kulifundisha hata likapendeka ni jambo jingine. Mwanafunzi ataendelea kuuliza swali lile la miaka yote: saini, kosaini na tanjenti zitanifaa wapi maishani? Akijibiwa kwamba zitamfaa katika mtihani, ataambiwa kweli, lakini kweli hiyo haimshibishi.

Nashikilia kwamba jibu zuri zaidi limo katika michezo ya tarakilishi. Atembeaye Thika au Ruiru jioni hakosi kuona kibanda ambamo vijana wamelipa ili wacheze kandanda kwenye skrini. Wazazi huona humo upotevu wa wakati tu. Lakini kila mpira unaopaa kwenye skrini ile huongozwa na hesabu za pembe zilezile zilizochorwa ubaoni asubuhi.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anaunda mchezo wa matatu itokayo Ruiru kwenda Thika. Kila picha mpya inapochorwa, gari husogea hatua 5, nalo limeelekea nyuzi 30 juu ya mstari wa ulalo. Tarakilishi yataka kuelezwa mambo mawili: gari lisogee kiasi gani kando, na kiasi gani juu. Kosaini ya nyuzi 30 ni takriban 0.866, kwa hivyo litasogea hatua 4.33 kando. Saini yake ni 0.5, kwa hivyo litapanda hatua 2.5.

Asiyeyajua hayo, akitaka gari liende mshazari, huongeza 5 kando na 5 juu. Kanuni ya Pythagoras yatuonyesha kwamba gari hilo limekwenda hatua 7.07, yaani kasi imezidi kwa asilimia 41 hivi. Wachezaji wataligundua hilo upesi, na kila mmoja atapita mshazari ili awashinde wenzake. Mchezo umeharibika kwa sababu ya pembetatu moja.

Kuna na suala la radiani, mada ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kujua kazi yake. Lugha nyingi za programu, Python ikiwamo, hupima pembe kwa radiani. Anayeomba saini ya 30 akidhani ametaja nyuzi hupewa takriban -0.988 badala ya 0.5, na gari lake huelekea kusikotakiwa. Akiisha kulirekebisha kosa hilo kwa mikono yake, hataisahau radiani tena.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi programu kama Unity na Godot humfanyia mtu hesabu hizo. Ni kweli. Lakini programu hizo hutekeleza tu yale zinayoamriwa. Adui akimgeuzia mchezaji kisogo badala ya uso, ni lazima mwundaji mwenyewe ajue kwamba pembe imehesabiwa vibaya, na kwa nini.

Wala mambo haya si ya Wazungu peke yao. Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na mwaka 2009 akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha kampuni ya Leti Arts. Kenya nayo iliidhinisha mwaka 2022 mtaala wa kufundisha uandishi wa programu shuleni. Kinachokosekana ni daraja baina ya somo hilo na Hisabati.

Rai yangu ni hii. Kwanza, mwalimu wa Hisabati na yule wa tarakilishi waketi pamoja, wapange mada ya pembe ifundishwe majuma yaleyale katika madarasa yote mawili. Pili, vyuo vikuu vilivyo katika barabara kuu ya Thika, vikiwamo Zetech kule Ruiru, Jomo Kenyatta pale Juja na Mount Kenya mjini Thika, viwatume wanafunzi wao wa tarakilishi katika shule jirani wakafunze. Tatu, shule isiyo na tarakilishi isingoje wafadhili. Karatasi ya miraba, rula na jedwali la saini vyatosha kuichora safari ya matatu yetu hatua kwa hatua, kama vile tarakilishi ingefanya.

Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Vijana wetu wameila nta hiyo ya saini na kosaini kwa miaka mingi. Walimu wenzangu, tuwaonjeshe asali.