Mbwa Wanaoanguka kwa Furaha

Mumekwisha kuona mbwa anayeanguka kwa sababu amefurahi? Unamletea chakula anachopenda. Anatikisa mkia, anakuja mbio. Mara moja miguu inalegea, kichwa kinashuka, naye analala chini kama mfuko mtupu. Lakini macho yako wazi, anakuona. Baada ya muda kidogo anasimama na kula kama vile hakuna kitu.

Ugonjwa huo unaitwa narkolepsi. Munganga mumoja wa Ufaransa, Gélineau, aliupa jina hilo katika mwaka 1880, kwa maana wanadamu pia wanapatwa nao. Mgonjwa anashikwa na usingizi mchana bila kutaka, na kicheko ao furaha inaweza kumwondolea nguvu kwa ghafula.

Ugonjwa wa urithi

Katika miaka ya 1970, profesa William Dement wa chuo kikuu cha Stanford, kule California, Marekani, alianza kukusanya mbwa wa namna hiyo. Kwa mbwa wa aina ya Doberman na Labrador, ilionekana kwamba ugonjwa unatoka kwa wazazi. Watoto wao wanaanza kuanguka wangali wadogo, mbele ya kufikisha miezi 6.

Namna gani wazazi wazima wanazaa mtoto mgonjwa? Kila mtoto anapokea urithi wa mwili mara mbili: wa baba na wa mama. Hapa urithi mmoja mbaya haumwangushi mbwa, ule mzuri unatosha. Lakini kama dume na jike wote wawili wanachukua ule mbaya ndani yao bila kuonekana, kila mtoto ana nafasi 1 juu ya 4 ya kuwa mgonjwa.

Munganga Emmanuel Mignot, Mfaransa aliyefanya kazi kule Stanford, alitafuta kosa hilo pamoja na wenzake karibu miaka 10. Katika mwaka 1999 wakalipata. Ubongo unatengeneza kitu kinachoitwa hipokretini, ambacho kinatusaidia kukaa macho. Tuseme ni ufunguo. Kwa mbwa hawa ufunguo upo, lakini kufuli imeharibika.

Na kwa sisi watu?

Katika mwaka 2000 waganga wakaona jambo lingine: kwa watu wengi wenye ugonjwa huu, kufuli ni nzima, ni ufunguo ndio umekosekana. Sehemu ndogo za ubongo zinazoutengeneza zimekufa. Basi kwa watu, mara nyingi ugonjwa haupiti kutoka mzazi kwa mtoto kama kwa Doberman.

Wazazi, tusikie vizuri. Mtoto analala darasani kila siku, mwalimu anamchapa: "Huyu mutoto ni muvivu!" Mwingine anacheka na wenzake, magoti yanakatika, majirani wanasema: "Walimuroga." Doberman hakurogwa, tena si mvivu. Ni mwili wake umekosa kitu kimoja. Fimbo haiwezi kukirudisha.

Anayelala mchana bila kipimo apelekwe kwa munganga. Katika inchi yetu kuna pia ugonjwa wa malale, unaoletwa na nzi wa tsetse. Huo unaua kama hautunzwi, lakini dawa yake iko. Munganga ndiye atakayetofautisha. Na kifafa ni kingine tena: mwenye kifafa akianguka na kutetemeka, mara nyingi hajui kinachotendeka, mwenye narkolepsi anasikia yote. Narkolepsi haina dawa ya kuimaliza, lakini ziko dawa za kusaidia mtu kusoma na kufanya kazi.

Nanyi vijana wenye kufuga mbwa: mbwa anayeanguka hivi musimpige wala musimtupe. Hasikii maumivu, na anaweza kuishi miaka mingi. Lakini musimzalishe, wala baba yake na mama yake. Mbwa hawezi kujua anachowapa watoto wake. Ninyi mumekwisha kujua.