Lobelia barazani Bariadi: maji yatatoka wapi?

Wiki iliyopita binti yangu wa darasa la nne aliniuliza swali lililonitoa jasho: "Mama, haya maji tuyape maua au tumwogeshe mtoto?" Mkononi ana jagi, juu yake dumu lililokatwa nusu, lobelia zimemwagika pembeni kama pindo la kanga ya buluu.

Mbegu aliniletea wifi yangu kutoka Arusha, kwenye baridi. Lobelia hupenda ubaridi. Zile kubwa za Mlima Kilimanjaro, zinazompita mtu kwa urefu, ni za ukoo huohuo. Hii ndogo ya kuning'inia asili yake ni kusini mwa Afrika. Ukiianika kwenye jua la Simiyu la saa nane mchana, imekwisha. Yangu ya kwanza ilikauka mwezi wa tisa, nikalaumu mbegu bure.

Safari hii nilipanda mwezi wa tatu, ili ichanue Juni na Julai usiku unapopoa. Udongo mweusi wa mbuga peke yake haufai: ukilowa unatuamisha maji, ukikauka unapasuka. Nilichanganya na luseni na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Mbegu ni ndogo kama vumbi. Usizifukie, zinahitaji mwanga. Zinyunyize juu, kisha weka chombo kwenye beseni lenye maji kidogo, unyevu upande wenyewe. Ukimwagilia kwa jagi utazisomba zote. Dumu litoboe chini, litundike upande wa mashariki wa nyumba lipate jua la asubuhi tu. Maua yakichoka, kata nusu, yatachipua tena.

Sasa, mzazi mwenzangu, hapa sitanii: lobelia ina sumu. Mtoto akiitafuna anaweza kutapika na kushikwa na kizunguzungu. Ndiyo maana yangu iko juu, na yanayodondoka nayafagia kabla mdogo hajashushwa barazani. Akiila, mwahi kituo cha afya ukiwa na kipande cha mmea mkononi, usimlazimishe kutapika.

Na maji? Natumia yaliyosuuza mchele na mboga. Kiangazi kikikaza na foleni ya kisimani ikirefuka, nitaiacha ife, nibaki na yale maua ya majani manene yanayofunguka na jua na kufumba jioni. Hayo hata ukiyasahau siku tatu hayanuni.

Nilimwambia binti amwogeshe mtoto kwanza. Akaweka jagi chini, akaenda jikoni kuuliza kama mchele umeshaoshwa.