Biashara ya soka Mombasa: Mchezaji auzwa, mlezi wake haambulii kitu

Kwa muda mrefu, kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayetaka kula kwa jasho la miguu yake amekuwa na mlango mmoja mkubwa wa kubisha: Bandari FC, klabu ya Halmashauri ya Bandari Kenya (KPA). Anayetoka Likoni huvuka feri bila kulipa, njumu za mtumba zikining'inia begani, akashuka kisiwani na kukata njia hadi uwanja wa Mbaraki. Akisajiliwa, nyumbani wanajua kuna mshahara. Asiposajiliwa, iko Supa Ligi, yaani daraja la pili, na ziko ligi za chini yake, na huko hesabu ni nyingine kabisa.

Bandari si klabu ya kubeza. Ilitwaa Kombe la Ngao la Kenya mwaka 2015 na tena 2019, ikamaliza ya pili Ligi Kuu mara mbili mfululizo, 2018 na 2018/19, na Januari 2019 iliichapa Simba 2-1 huko huko Dar es Salaam katika nusu fainali ya Kombe la SportPesa. Lakini ilipoingia Kombe la Shirikisho la Afrika baadaye mwaka huo, mechi za "nyumbani" ilizichezea Kasarani, Nairobi, kwa kuwa Mombasa haikuwa na uwanja wa kiwango kilichotakiwa. Pesa za mlangoni, za hoteli na za wauza viazi karai zikaenda bara.

Nje ya kivuli cha KPA, soka la Kenya liliegemea kamari. Mwaka 2019 serikali ilipovutana na kampuni za kamari kuhusu kodi na leseni, SportPesa iliondoa udhamini wake, na ligi ikabaki mikono mitupu. Kabla mwaka haujaisha, Sony Sugar ilishindwa kufika uwanjani mara tatu na kufukuzwa ligini. Mwaka 2020 kampuni nyingine ya kamari, BetKing, ikaja na ahadi ya shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano. Haikumaliza hata miwili. Novemba 2021 serikali ikalivunja shirikisho la soka nchini, FKF, Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na kifungo hicho hakikuondolewa hadi Novemba. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 2019 alipitia misukosuko yote hiyo akiwa katika miaka yake bora, wala hakuna hata mmoja aliousababisha yeye.

Mshahara ukikatika, wa kwanza kujua ni mwenye nyumba na mwenye duka. Mchezaji huanza kuruka mazoezi ya asubuhi ili aendeshe bodaboda au apate kibarua, kiwango kinashuka, kocha anamweka benchi. Wapo pia wanaotafutwa na wapanga matokeo. Februari 2020 FIFA iliwafungia miaka minne, kwa kupanga matokeo, wachezaji watatu wa Kenya waliokuwa klabu ya Kakamega Homeboyz, na mwenzao Mganda akafungiwa maisha. Kosa lilikuwa lao na adhabu ni halali. Hata hivyo, mpanga matokeo hununua kwa bei rahisi pale ambapo klabu hailipi, na hilo wenye klabu hawapendi kuambiwa.

Si Kenya peke yake. Utafiti wa chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 41 ya wachezaji waliohojiwa walikuwa wamecheleweshewa mishahara katika misimu miwili iliyotangulia.

Na mkataba mbovu humuumiza hata nyota. Feisal Salum, Fei Toto wa Zanzibar, aliamua kuondoka Yanga Desemba 2022 akilalamikia masilahi, akaingiza kwenye akaunti ya klabu shilingi milioni 112 za Tanzania akiamini ndiyo bei ya kuvunja mkataba. Januari 2023 kamati ya shirikisho la soka la Tanzania, TFF, ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa pembeni wakati wenzake wakipanda hadi fainali ya Kombe la Shirikisho, na suala lake likafika hadi mezani kwa Rais Samia Suluhu Hassan, aliyewataka Yanga walimalize. Juni 2023 Azam wakamchukua, na msimu uliofuata alifunga mabao 19 ya ligi. Yeye alikuwa na jina la kumbeba. Beki wa kushoto wa Supa Ligi hana rais wa kumsemea.

Silaha aliyonayo ni kanuni. Tangu Juni 2018, FIFA inamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba, baada ya kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15. Sharti ni awe na mkataba, na nakala yake aishike mwenyewe.

Timu za mitaani nazo zina haki zisiyoidai. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Timu ya Changamwe iliyokaa naye misimu minne, kuanzia miaka 12 hadi 15, inastahili asilimia 1: kwa uhamisho wa shilingi milioni 10, ni laki moja. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia ofisi ya FIFA iliyoko Paris, ambayo husoma kumbukumbu za usajili wa mashirikisho. Mtoto aliyecheza misimu yote hiyo bila kusajiliwa, timu yake haimo katika hesabu.

Wenye timu za Mtongwe, Mlaleo na Chaani waanze na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na fomu za tawi la FKF, kabla ya kununua jezi mpya.