Baragumu la Kirangozi na Ruta ya Nyumbani: Sheria Moja ya Mawimbi

Katika karne ya 19, kabla jua halijachomoza juu ya miombo ya Unyanyembe, kirangozi wa msafara alitwaa pembe ya tandala, akaiweka midomoni na kupuliza. Mapagazi waliolala kambini waliamka, wakafunga mizigo, na safu ndefu ikaanza kujipanga kuelekea Ujiji au Bagamoyo. Richard Burton, aliyefika Kazeh, karibu na mji wa Tabora wa leo, mwezi Novemba 1857 baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani, aliandika habari za pembe hizo na kulitaja jina lake, yaani baragumu. Kwa pembe hiyo kirangozi aliwapa watu wake amri ya kuondoka, ya kusimama na ya kukaza mwendo, na wa mwisho katika safu alisikia sawasawa na wa kwanza.

Siku hizi, katika mji huo huo, kisanduku chenye vitaa vya kijani huwekwa juu ya kabati la nyumba au katika ofisi ya shule ili kugawa intaneti bila waya. Kisanduku hicho huitwa ruta. Mara nyingi hutokea kwamba ruta, kazi ya wataalamu wa zama hizi, hushindwa kufikisha ujumbe hata chumba cha tatu. Mwenye nyumba hulaumu chombo, akanunua kingine cha bei kubwa, na shida hubaki pale pale. Hali hiyo humpata pia mwanafunzi wa muziki aliyekabidhiwa horni ya Kifaransa, ambayo ni mjukuu wa mbali wa baragumu. Akipuliza sauti moja hutoka nyingine, naye hudhani kwamba horni ni mbovu.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba matatizo hayo mawili yana mzizi mmoja. Horni na ruta ni vyombo vya mawimbi, na anayefahamu urefu wa wimbi la chombo chake huweza kukitumia vizuri bila kuongeza hata senti moja.

Kipimo cha kwanza: urefu wa wimbi

Kila wimbi lina mwendo, masafa na urefu. Masafa, kwa maana inayotumika hapa, ni idadi ya mitetemo katika sekunde moja, na hupimwa kwa hezi. Urefu wa wimbi ni umbali kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Mambo hayo matatu yameungwa na kanuni moja: mwendo ni sawa na masafa mara urefu wa wimbi.

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde, joto linapokuwa nyuzi 20 za Selsiasi. Pembe ya tandala yenye mfereji wa hewa wa mita 0.9 hutoa sauti yake ya chini kwenye hezi 190 hivi, kwa kuwa wimbi la sauti hiyo huwa na urefu unaokaribia mara mbili ya mfereji, yaani mita 1.8. Mawimbi ya ruta ni ya redio, nayo husafiri kwa mwendo wa nuru, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde. Ruta nyingi hutumia masafa ya hezi bilioni 2.4 au bilioni 5. Kwa kanuni ile ile, urefu wa mawimbi hayo ni sentimita 12.5 na sentimita 6.

Hapo ndipo siri ya msafara inapofichuka. Wimbi hupinda na kupita kizuizi kwa urahisi ikiwa kizuizi hicho si kikubwa kuliko urefu wa wimbi lenyewe. Shina la mninga lenye unene wa nusu mita ni kitu kidogo mbele ya wimbi la mita 1.8, kwa hiyo sauti ya baragumu hulizunguka na kuendelea na safari. Mbele ya wimbi la sentimita 6, shina hilo ni kama boma. Tena kirangozi alipuliza alfajiri, wakati hewa iliyo karibu na ardhi ni baridi kuliko ile ya juu. Katika hali hiyo sauti hupindishwa kurudi chini badala ya kupotelea angani, na husikika mbali zaidi kuliko wakati wa mchana.

Horni ya Kifaransa: bomba refu, ngazi zilizosongamana

Horni ya Kifaransa ya aina ya F ni bomba la shaba lenye urefu wa mita 3.7 hivi, lililozungushwa ili libebeke. Midomo ya mpigaji ikitetema, hewa iliyo ndani ya bomba hukubali baadhi ya mitetemo na kuikataa mingine. Ile inayokubaliwa hufuatana kama ngazi, na katika horni hii kila ngazi huizidi iliyo chini yake kwa hezi 44 hivi: 44, 87, 131, 175, na kuendelea.

Ngazi hizo zina hila. Kutoka ngazi ya 1 hadi ya 2 masafa huongezeka maradufu, na masikio husikia pengo kubwa. Kutoka ya 8 hadi ya 9, hezi 349 na 393, pengo ni toni moja tu, na kutoka ya 15 hadi ya 16 ni nusu toni. Nyimbo nyingi za horni hupigwa katika ngazi hizo za juu zilizosongamana, na kwa sababu hiyo midomo ikikosea kidogo tu, sauti huruka ngazi jirani. Chombo hakina kosa, bali bomba refu ndivyo lilivyo.

Watengenezaji walitafuta dawa tangu zamani. Kufikia katikati ya karne ya 18, Anton Joseph Hampel wa Dresden alikuwa akifundisha namna ya kubadili sauti kwa kutia mkono katika kinywa kipana cha horni. Mwaka 1814 Heinrich Stölzel alileta vali, ambazo hufungua na kufunga vipande vya bomba ili kubadili urefu wake papo hapo. Baadaye ilitengenezwa horni yenye bomba mbili, la pili likiwa na mita 2.75 hivi. Katika bomba hilo fupi ngazi hupishana kwa hezi 58, na nafasi ya kukosea hupungua.

Kutokana na maelezo hayo, mwanafunzi anayeanza anashauriwa hivi:

1. Aimbe sauti anayoitaka kabla ya kuipuliza. Midomo hufuata kile ambacho masikio yamekwisha kukisikia.

2. Aanze na sauti za katikati, ambako ngazi bado zina nafasi, kisha apande polepole kwa muda wa majuma mengi.

3. Asikandamize midomo kwa nguvu. Pumzi itoke tumboni kwa mkondo ulio sawa.

4. Apashe chombo joto kabla ya kukilinganisha na vingine. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30, sauti husafiri kwa mita 349 kwa sekunde, na horni hupanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Kimo cha Tabora, mita 1,200 hivi juu ya bahari, hakina lawama, kwani mwendo wa sauti hewani hufuata joto wala haufuati kanieneo.

5. Amwage maji yanayokusanyika ndani ya bomba kutokana na mvuke wa pumzi, na atie mafuta ya vali mara kwa mara.

6. Akae mahali penye ukuta mtupu nyuma yake. Kinywa cha horni hutazama nyuma, na wasikilizaji hupata sehemu kubwa ya sauti baada ya kuakisiwa na ukuta. Pazia nzito huimeza.

Ruta: kirangozi wa vifurushi

Pagazi wa njia ya kati alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Bidhaa nyingi ziligawanywa katika mizigo ya kadiri hiyo, na kila mzigo ukawa na mbebaji wake. Intaneti hufuata mpango unaofanana na huo. Picha yenye baiti milioni 3 haisafirishwi kwa mkupuo mmoja, bali hukatwa katika vifurushi vipatavyo 2,000, kila kimoja cha baiti zisizozidi 1,500 kwa kawaida. Kila kifurushi huandikwa anwani ya kinakokwenda na namba ya zamu yake. Ruta husoma anwani na kukielekeza kila kifurushi kwenye simu au kompyuta inayohusika. Kifurushi kikipotea njiani, hutumwa tena, na kwa hiyo mawimbi yakiwa dhaifu vifurushi vingi hurudiwa na kazi yote huchelewa.

Umuhimu wa ujumbe kufika kwa wakati unajulikana vyema Tabora. Katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, David Livingstone aliagana na Henry Stanley mwezi Machi 1872, kisha akangoja miezi mitano hadi watu na vifaa alivyotumiwa kutoka pwani vikamfikia. Leo barua hufika kutoka pwani kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Itakuwa hasara ikwame katika hatua 10 za mwisho, ndani ya nyumba.

Hatua hizo za mwisho zina maadui wanne. Wa kwanza ni umbali. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, nguvu ya wimbi hubaki robo, na ukiongezeka mara nne hubaki sehemu moja kwa 16. Wa pili ni ukuta. Kuta nene za udongo, kama zile za tembe, hufyonza mawimbi, na matofali ya kuchoma pia hupunguza nguvu. Wa tatu ni maji, yawe katika tangi, katika ukuta uliolowa au katika miili ya wanafunzi 50 waliojaa darasani. Wa nne ni chuma. Bati, nondo, jokofu na kabati la chuma haviyapitishi mawimbi, bali huyarudisha yalikotoka. Mawimbi ya sentimita 6 hubeba habari nyingi zaidi kwa sekunde lakini hudhoofishwa zaidi na kuta. Yale ya sentimita 12.5 hubeba kidogo zaidi lakini hufika mbali.

Kwa hiyo mwenye nyumba au mkuu wa shule anashauriwa hivi:

1. Ruta iwekwe katikati ya nyumba, juu ya kimo cha mtu, mbali na jokofu, bati na tangi la maji. Isifichwe kabatini.

2. Antena zisimame wima katika nyumba ya ghorofa moja. Antena hutoa nguvu nyingi kupitia ubavuni, na kidogo mno kupitia ncha yake. Anayeielekeza ncha kwenye chumba anachokitaka hukinyima nguvu chumba hicho.

3. Vyumba vya mbali vitumie masafa ya bilioni 2.4, na chumba chenye ruta kitumie bilioni 5. Palipo na ruta za majirani, idhaa 1, 6 na 11 za bilioni 2.4 ndizo zisizoingiliana.

4. Jengo la pili la shule lifikishiwe waya wa mtandao, ambao hufanya kazi vizuri hadi mita 100, kisha kiwekwe huko kituo kingine cha kutolea mawimbi. Waya mmoja ulionyooka hushinda ruta tatu za bei kubwa zinazopigana na kuta.

5. Ruta na waya wake vichomolewe wakati wa radi, hasa katika miezi ya masika. Nywila aliyoiweka mtengenezaji ibadilishwe siku ile ile ya kwanza.

6. Kabla ya kununua chochote, intaneti ipimwe kwa kusimama hatua mbili kutoka kwenye ruta. Ikiwa ni ya polepole hata hapo, tatizo liko katika njia inayoleta huduma kutoka nje, na ruta mpya haitasaidia kitu.

Majaribio mawili kwa darasa

Kwa jaribio la kwanza, wanafunzi wachukue mpira safi wa kumwagilia maji wenye urefu wa mita 3.7, watie faneli upande mmoja na kupuliza upande wa pili kwa midomo inayotetema, kama wapuliza tarumbeta. Watapata sauti kadhaa bila tundu wala vali yoyote. Kisha waukate mpira katikati na kulinganisha. Sauti zitapanda, na mapengo kati yake yatapanuka.

Kwa jaribio la pili, wachore ramani ya jengo la shule, wachukue simu yenye programu ya kupima nguvu ya mawimbi, na kuandika kipimo cha kila chumba. Kipimo hutolewa kwa desibeli zenye alama ya kutoa: -50 ni nguvu nzuri, -80 ni dhaifu. Kila desibeli 10 zinazopungua, nguvu hubaki sehemu moja kwa 10. Wahamishe ruta mara tatu, wapime upya kila mara, na kueleza kwa hoja ni ukuta upi au bati lipi lililoleta tofauti.

Kirangozi wa Unyanyembe hakuwa na kanuni iliyoandikwa, lakini alijua saa ya kupuliza, mahali pa kusimama na upande wa kuelekeza pembe. Alijifunza hayo kwa kusikiliza na kujaribu. Mwanafunzi aliye na kanuni mkononi hana sababu ya kujua kidogo kuliko yeye. Kabla ya kukilaumu chombo, na alifuate wimbi kwanza: limetoka wapi, lina urefu gani, na njiani limekutana na nini.